Safari za mji huzaliwa kwenye ramani ya viwanja

(Maelezo yafuatayo yalitayarishwa kwa ajili ya mazungumzo na walimu na watumishi wa umma juu ya ardhi na usafiri wa mjini.)



Saa kumi na moja alfajiri, kabla hakujapambazuka, kituo cha Mbagala Rangi Tatu huwa kimekwisha jaa watu. Yupo mpishi wa hoteli, yupo karani, yupo kibarua wa bandarini, yupo mwanafunzi mwenye sare na begi mgongoni, yupo mama lishe anayewahi kununua samaki Feri. Kila mmoja wao akiulizwa kwa nini yupo pale atajibu kuwa anakwenda kazini, au shuleni, au sokoni. Hapana hata mmoja atakayejibu kuwa amefika pale kwa sababu anapenda kupanda basi. Safari ya mjini haitafutwi kwa ajili ya nafsi yake. Kinachotafutwa ni mshahara, darasa, dawa na unga. Safari ni gharama inayolipwa kwa kuwa vitu hivyo vimewekwa mbali na mahali mtu anapolala.

Neno hilo ni jepesi kulitamka, lakini katika mjadala wa usafiri wa Dar es Salaam halikupewa nafasi yake. Kwa zaidi ya nusu karne mjadala umekuwa wa magari: mabasi ni machache, barabara ni nyembamba, makondakta wana lugha mbaya. Lawama zimekwenda kwa mwenye basi, kwa dereva, na mara nyingine kwa abiria mwenyewe aliyepita dirishani. Ni mara chache sana kuulizwa ni nani aliyeziagiza safari hizo. Nazo ziliagizwa. Ziliagizwa mezani, na watu waliochora mistari juu ya ramani wakasema hapa patakuwa bandari, hapa ofisi, hapa nyumba za wakubwa, na kule ng'ambo nyumba za vibarua. Wengi wa watu hao walikuwa watumishi wa umma, na baadhi yao hawakuwahi kuipanda safari waliyoiagiza.

MSTARI WA MNAZI MMOJA

Wajerumani walipohamishia makao yao makuu Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891, mji ulikuwa mdogo kando ya bandari yake ya asili. Waingereza walioupokea baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliugawa katika sehemu ambazo wazee wa mji wanazijua kwa majina: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi uwe mpaka. Sababu iliyotajwa ilikuwa afya. Sababu yenyewe ilikuwa rangi. Kazi zilikuwa mashariki ya uwanja ule, bandarini, stesheni na maofisini. Mikono iliyozifanya kazi hizo ililala magharibi, Kariakoo, mahali palipopata jina lake kutokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa vita ile.

Hata hivyo, ubaguzi ule pamoja na uovu wake wote haukuzaa foleni. Kutoka Kariakoo hadi bandarini ni mwendo wa miguu wa nusu saa hivi. Kuli aliamka, akanywa uji, akatembea, akafika. Mji ulimnyima mengi, lakini haukumdai nauli.

Badiliko kubwa lilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1949 kampuni ya Sir Alexander Gibb na wenzake ilitoa mpango mkuu wa kwanza wa mji, na katika miaka ile na iliyofuata makazi mapya ya Waafrika yalifunguliwa mbali zaidi na kitovu: Temeke, Magomeni, Kinondoni. Mwaka uo huo wa 1949 ikaanzishwa kampuni ya mabasi, Dar es Salaam Motor Transport, iliyojulikana kwa kifupi kama DMT. Si lazima kudhani kwamba waliochora mpango na wenye mabasi walikula njama. Mtu akishachora nyumba mbali na kazi amekwisha kuchora basi, hata kama karatasi yake haina picha ya basi.

Mpango wa pili ulitolewa mwaka 1968 na wa tatu mwaka 1979, yote miwili ikiandaliwa na makampuni ya Kanada. Lakini umbo la mji lilikuwa limekwisha kukamata. Barabara kuu nne, yaani ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu ambayo sasa ni ya Nyerere, na ya Kilwa, zilitoka kitovuni kama vidole vya mkono, na kati ya kidole na kidole kulikuwa na mabonde ya Msimbazi, Mlalakuwa, Kizinga na Mzinga ambayo hayapitiki kirahisi. Watu walijenga kwenye vidole. Ajira, hospitali kuu, mahakama, benki na maduka ya jumla vikabaki kiganjani. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 272,821 mjini Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa mzima. Mipaka ya hesabu hizo si ile ile, lakini picha haipotei: vidole vimerefuka hadi Bunju, Kibamba, Chanika na Kongowe, ilhali kiganja ni kile kile.

BASI LINALOJAA UPANDE MMOJA

Mtu akitaka kuelewa kwa nini usafiri wa umma umesumbua mji huu chini ya kila aina ya mwenye mali, na aitazame safari ya basi moja asubuhi. Linatoka Mbagala likiwa limeshiba hadi mlangoni. Likifika mjini linamwaga watu wote, kisha linarudi Mbagala na viti vitupu, kwa kuwa saa hiyo hakuna mwenye shughuli ya kwenda kule. Jioni mambo hugeuka. Katikati ya mchana basi hilo hilo husimama kivulini likingoja abiria. Kwa hiyo mwenye basi analipia mafuta ya safari mbili ili auze tiketi za moja, na anatakiwa kununua mabasi ya kutosha saa mbili za asubuhi na saa mbili za jioni, ambayo saa nyingine zote hayana kazi. Hesabu hiyo haibadiliki mwenye basi akiwa mkoloni, shirika la umma, au mtu binafsi aliyekopa benki.

DMT ilitaifishwa mwaka 1970. Mwaka 1974 ikagawanywa, likazaliwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, kwa ajili ya mji, na KAMATA kwa ajili ya safari za mikoani. UDA ililaumiwa sana, na baadhi ya lawama ilistahili. Lakini shirika lile lilitakiwa libebe watu kwa nauli iliyopangwa na serikali, katika mji uliokuwa ukirefuka kila mwaka, huku fedha za kigeni za kununulia vipuri zikiadimika. Kila kiwanja kilichogawiwa mbali zaidi kiliongeza kilomita kwenye safari ya basi bila kuongeza senti kwenye mfuko wa shirika. Mwaka 1983 watu binafsi wakaruhusiwa kubeba abiria, na magari yao yakaitwa daladala kwa sababu nauli yake ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo watu wa mjini waliiita dala. Daladala zilileta viti vingi zaidi, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Hazikuleta ofisi hata moja karibu na Mbagala.

Abiria wa mji huu wamebuni dawa yao, nayo inaitwa kugeuza. Mtu anayeishi vituo viwili vitatu kabla ya mwisho wa njia hupanda gari linaloelekea mwisho, mbali na kazi yake, akalipa, akageuka nalo ili tu apate kiti. Hivyo anasafiri kinyume ili aweze kusafiri mbele. Safari hiyo ya nyuma inaonekana barabarani, inachoma mafuta na inahesabiwa kama haja ya usafiri, ingawa haimfikishi mtu yeyote popote. Imetengenezwa na namna huduma ilivyopangwa, si na mahitaji ya mwananchi. Kadhalika kila mahali ambapo njia inakatwa na abiria analazimika kushuka, kungoja na kulipa upya, safari moja huwa imefanywa mbili.

MANZESE NA VIWANJA ELFU ISHIRINI

Ipo mifano miwili ya ardhi ambayo mtumishi yeyote wa mipango miji angefaa kuiweka sambamba.

Wa kwanza ni Manzese. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968 kando ya Barabara ya Morogoro, upande wa Ubungo. Nyumba za wafanyakazi zilijengwa jirani yake, lakini wafanyakazi walikuwa wengi kuliko nyumba. Watu wakajijengea wenyewe Manzese, bila ramani na bila ruhusa. Serikali, badala ya kuwabomolea, ilikubali katika miaka ya 1970 kuwapelekea barabara na maji kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na wakati huo huo ikapima viwanja vya gharama nafuu Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Hakuna haja ya kuisifia Manzese kupita kiasi. Mitaro yake na mafuriko yake vinajulikana. Lakini mfanyakazi wa Manzese alikwenda kiwandani kwa miguu. Duka, mashine ya kusaga, fundi cherehani, msikiti na kanisa vilikuwa mita chache kutoka mlangoni. Watu wasiojua kusoma ramani walijipangia mji wa safari fupi, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa akiipiga hesabu ya nauli kabla ya kuchagua pa kujenga.

Wa pili ni Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002. Nia yake ilikuwa njema: kumaliza uhaba wa viwanja vilivyopimwa na kuzuia ujenzi holela. Ardhi ikatafutwa pale ilipopatikana kwa bei ndogo, nako ni pembezoni: Bunju, Mbweni, Mivumoni, Buyuni, Tuangoma, Kisota. Viwanja vilipimwa vizuri, mistari imenyooka, hati zikatolewa. Watumishi wengi wa umma walinufaika, na ni haki yao. Lakini kiwanja kilicho kilomita 30 kutoka kazini ni nusu ya mpango. Nusu ya pili ni jinsi ya kufika. Shule, zahanati, soko na njia ya basi vilikuja kwa kusuasua, na mahali pengine mwenye nyumba alitangulia kwa miaka mingi. Nyumba zikajengwa kubwa, kila moja katika ua wake, watu wakiwa wachache kwa kila eka. Basi haliwezi kupata faida katika mtaa wa namna hiyo, kwa hiyo haliingii. Mwenye nyumba naye, akiwa na uwezo kidogo, hununua gari. Halafu asubuhi magari hayo yote hukutana kwenye Barabara ya Bagamoyo, na gazetini huandikwa kuwa barabara ni nyembamba.

Hapa ndipo inapoonekana kwamba bei ya kiwanja na nauli ni mkono wa kulia na wa kushoto wa mtu mmoja. Serikali iliokoa fedha kwa kununua ardhi ya mbali. Mwananchi anazilipa fedha hizo kila siku, kidogo kidogo, mlangoni mwa basi.

BARABARA PANA NA SAA MOJA YA ZAHAVI

Katika miaka ya 1970 mtafiti aitwaye Yacov Zahavi, aliyefanya kazi pia kwa ajili ya Benki ya Dunia, alilinganisha miji ya nchi mbalimbali akaona jambo la kushangaza. Kwa wastani watu wa miji hiyo walitumia muda unaokaribiana katika safari za siku nzima, kiasi cha saa moja na zaidi kidogo, ingawa wengine walikwenda kwa miguu na wengine kwa motokaa. Maana yake ni kwamba mtu akipewa chombo cha kasi zaidi, mara nyingi muda alioupata haupumzikii nyumbani. Anahamia mbali zaidi, ambako ardhi ni rahisi, na muda ule unamezwa tena na njia.

Kabla yake, mwaka 1962, Mmarekani Anthony Downs alikwisha kuandika kwamba katika barabara kuu za mijini msongamano wa saa za kazi hupanda hadi ujaze nafasi yote iliyopo. Uingereza ilikamilisha barabara ya kuizunguka London, M25, mwaka 1986, na haukupita muda ikawa maarufu kwa foleni zake. Mwaka 1994 kamati ya wataalamu iliyoishauri serikali ya nchi hiyo ilikiri kuwa barabara mpya huweza kuzaa magari ambayo yasingekuwapo. Nchi iliyojenga reli ya kwanza ya chini ya ardhi duniani ilihitaji muda huo wote kukubali jambo hilo rasmi. Kwa hiyo si aibu kwa wengine kulichelewa.

Dar es Salaam imejenga mengi katika miaka ya karibuni: daraja la juu la Mfugale pale Tazara mwaka 2018, njia za juu za Kijazi pale Ubungo mwaka 2021, na upanuzi wa kilomita 19.2 kutoka Kimara hadi Kibaha, ambao ulitanguliwa na ubomoaji wa nyumba nyingi mwaka 2017. Malori ya bandarini yalihitaji nafasi, na hakuna mwenye akili atakayetaka njia panda ya Ubungo irudi kama ilivyokuwa. Swali ni la ardhi iliyo mwisho wa barabara iliyopanuliwa. Barabara pana hadi Kibaha ni tangazo la viwanja vya Kibaha na vya mbele yake. Daraja la Kigamboni la mita 680, lililofunguliwa Aprili 2016, lilifanya kazi kama hiyo. Watu waliokuwa wakitegemea pantoni ya Magogoni walipata njia ya pili, na mashamba ya ng'ambo yakawa viwanja. Daraja ni jema. Lakini kama ng'ambo ile itapewa nyumba tupu bila kazi, bila vyuo na bila hospitali za kutosha, basi daraja litakuwa limejengwa ili watu waondoke Kigamboni asubuhi na kurudi usiku.

CURITIBA NA KIMARA

Mji wa Curitiba, kusini mwa Brazil, unatajwa kila yanapozungumzwa mabasi yaendayo haraka, na kwa kawaida yanatajwa mabasi yenyewe: njia yao ya peke yao, iliyoanza mwaka 1974 wakati wa umeya wa Jaime Lerner. Linalosahauliwa ni sheria ya ardhi iliyokwenda pamoja na njia ile. Mji uliruhusu majengo marefu, maduka na ofisi kandokando ya njia za mabasi, na ukayazuia mbali nazo. Wakazi wengi, wanunuzi wengi na ajira nyingi zikawa mahali ambapo mtu hutembea tu hadi kituoni. Basi lilipata abiria wa kupanda na wa kushuka njia nzima, kwenda na kurudi. Curitiba haikununua mabasi kisha ikatafuta abiria. Iliotesha abiria kando ya njia.

Dar es Salaam ilianza huduma yake Mei 2016, awamu ya kwanza ya kilomita 20.9 kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Kariakoo. Safari iliyokuwa ikichukua saa mbili ikawa ya dakika arobaini na kitu pale basi lilipopatikana, na wakazi wa Kimara hawawezi kusahau mwaka ule wa kwanza. Lakini njia ile iliwekwa juu ya mji wa zamani, nao mji ukaachwa kama ulivyo. Watu waliendelea kulala upande mmoja na kufanya kazi upande mwingine, na mabasi yakaendelea kujaa kuelekea mjini asubuhi na kurudi matupu. Daladala za Barabara ya Morogoro ziliondolewa, na mtu wa Mbezi au Kibamba akalazimika kushuka Kimara na kuunga safari kwa nauli ya pili. Karakana ya mabasi ikawekwa Jangwani, ndani ya bonde la Msimbazi, mahali ambapo mto una haki ya kupita. Mvua kubwa zilipokuja, mabasi yalizama na huduma ikasimama. Hilo nalo ni kosa la ardhi, si la basi. Njia ya awamu ya pili, kilomita 20.3 kwenda Mbagala, ilikamilika lami na vituo, ikakaa muda mrefu bila mabasi, watu wa Rangi Tatu wakiitazama wakiwa ndani ya daladala.

Pamoja na hayo, lipo jambo moja kando ya njia ya Kimara ambalo lingestahili kusemwa zaidi kuliko linavyosemwa. Magomeni, mahali zilipobomolewa kota za zamani, pamejengwa majengo ya ghorofa kwa ajili ya familia 644, zikiwamo zilizoishi pale tangu awali. Familia 644 mahali ambapo mtu anatoka mlangoni, anavuka, anapanda basi. Na mwenye nguvu za miguu anaweza kwenda Kariakoo bila kupanda chochote. Shirika au halmashauri yoyote yenye ardhi kandokando ya njia hizo ingeweza kufanya vivyo hivyo. Familia hizo hizo zikipelekwa Bunju, kila asubuhi zitahitaji mabasi mengi ambayo sasa hayahitajiki.

Kinyume chake kinaonekana Mbezi Luis. Kituo cha mabasi ya mikoani kilihamishwa kutoka Ubungo mwaka 2021 ili kupunguza msongamano. Mabasi makubwa kweli yalipungua Ubungo. Lakini abiria kutoka Mwanza au Mbeya hakuwa anakwenda Mbezi. Alikuwa anakwenda Tandika, Buguruni au Tegeta, na mizigo yake. Basi moja la watu sitini lililokuwa likiingia mjini limegeuka kuwa bodaboda, bajaji, teksi na daladala kadhaa, kila kimoja kikiwa na sehemu ya abiria wale wale. Msongamano ulihamishwa, kisha ukagawanywa vipande.

SHULE

Ndugu walimu wanalijua hili kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa wao ndio wanaomwona mtoto akiingia darasani saa mbili na nusu, amechoka kabla ya somo la kwanza. Shule za sekondari za kata zilipojengwa kwa wingi kuanzia mwaka 2004, zilijengwa pale ardhi ilipopatikana. Katika mji ambao hakuna aliyetenga viwanja vya shule mapema, ardhi iliyopatikana ilikuwa ya mwisho kabisa, mteremkoni au nje ya makazi. Tena mtoto hakupangiwa daima shule ya kata yake. Mtoto wa Kinondoni akapangiwa shule ya upande wa pili wa mji, na wa kule akapangiwa ya huku, nao wakapishana njiani ndani ya mabasi ambayo makondakta wake hawataki nauli ya mwanafunzi.

Hesabu yake ni ya darasa la tano. Shule yenye wanafunzi 1,000 ikijengwa mahali ambapo hakuna anayeweza kutembea, inazaa safari 2,000 kwa siku, ya kwenda na ya kurudi. Kwa siku zipatazo 190 za masomo, ni safari 380,000 kwa mwaka, kutokana na uamuzi mmoja uliofanywa katika kikao kimoja. Hakuna shirika la mabasi litakaloulizwa maoni yake katika kikao hicho, wala hakuna atakayeandika safari hizo katika gharama ya jengo. Gharama itaandikwa tofali, saruji, mabati na madawati. Anayelipa sehemu iliyobaki ni mzazi, na mtoto wa kike aliyekaa kituoni hadi saa moja usiku akitafuta gari litakalokubali kumchukua.

MTUMBA

Yasiyowezekana kurekebishwa upesi Dar es Salaam bado yanawezekana kwingine, na mfano ulio karibu zaidi na watumishi wa umma ni Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulifanywa mwaka 1973. Mpango wa mji uliotolewa mwaka 1976 ulikuwa na wazo ambalo hata leo halijachakaa. Mji ungekuwa wa jumuiya zilizounganishwa kwa njia ya mabasi, mtu wa miguu na wa baiskeli wakitangulizwa mbele ya motokaa, na makazi yakipangwa kwa kuanzia na nyumba kumi kumi, kila jumuiya ikiwa na shule na soko lake. Fedha hazikutosha na serikali ilichelewa kuhama kwa miaka arobaini. Mengi ya mpango ule yalibaki kwenye karatasi.

Kuhama kulipoanza kwa dhati mwaka 2016, na Mji wa Serikali ukazinduliwa Aprili 2019, mahali palipochaguliwa ni Mtumba, kiasi cha kilomita 17 mashariki ya kitovu cha Dodoma, kandokando ya barabara iendayo Dar es Salaam. Wizara zimewekwa pamoja, na hilo linampunguzia mwananchi mwenye shida safari za kutoka ofisi hadi ofisi. Lakini watumishi wengi wanaishi upande wa mjini, Area C, Area D, Kisasa, Ilazo, na wengine Nkuhungu, ambao huuvuka mji mzima kabla hata ya kuianza barabara ya Mtumba. Wote wanatoka saa moja, kuelekea upande mmoja, na wote wanarudi saa moja. Ni basi lile lile la Mbagala, linalojaa kwenda na kurudi tupu.

Tofauti ni kwamba kati ya mji na Mtumba bado kuna ardhi isiyojengwa, na viwanja bado vinapimwa. Mtaa wa nyumba za kupanga za ghorofa wenye soko na shule, umbali wa kutembea kutoka wizarani, unaweza bado kuchorwa. Na ardhi ya njia ya basi inaweza kutengwa kabla haijapata mwenyewe wa kulipwa fidia. Inaweza pia kugawiwa yote kwa mafungu makubwa ya ua na geti, kama ilivyokuwa Mbweni. Faili za maombi zipo mezani kwa maofisa ambao, ofisi zikifungwa saa tisa na nusu, watatoka na kusimama barabarani pamoja na wenzao kungoja gari la kuwarudisha mjini.